Kona ya Hamsini na Nane

Barabara ya Chimala kwenda Matamba ina kona hamsini na saba.
Nilizihesabu miaka sita, nikiwa utingo
wa lori la viazi la mzee Mbilinyi.
Kazi yangu ilikuwa jiwe.
Lori likishindwa, naruka, natia jiwe nyuma ya gurudumu,
nachutama pembeni nikisikiliza
kama mlima umekubali.

Ya hamsini na nane haimo kwenye kibao.
Huja na ukungu wa mwezi wa sita,
ule unaolala barabarani kama ng'ombe
na hauondoki hata ukipigiwa honi.
Unakata kushoto, unajua umemaliza,
unakuta bado kuna kushoto.

Marubani walikuwa wameshaanza kuja.
Vyombo vyao vilitua chini kule, Usangu,
vyeusi, bila tairi, bila taa,
nao wakapanda kwa miguu, wanahema ndani ya kofia za vioo,
wakituuliza kwa Kiswahili walichofundishwa na mashine:
"Ndugu, kuna njia hapa ya kufikia jua lingine?"
Mbilinyi hakuzima hata injini.
"Pandeni nyuma, juu ya magunia.
Nauli ni ileile ya watu."

Huko ndani, niseme nini?
Sarufi huishia mlangoni.
*Li* hubaki nje. *Ta* hubaki nje.
Hata *na*, ile tuliyodhani ni yetu,
huvuliwa kizingitini kama kandambili.
Hubaki *hu* peke yake.
Mvua hunyesha. Kondoo hupita. Mama hufa, mama huzaliwa.
Nani? Lini?
*Hu* haina nafsi, haina saa.

Mle mimi hukutana na Tupokigwe, bibi yangu,
mtoto wa miaka tisa,
huchimba chikanda kwa kijiti, kucha zake nyeusi kwa udongo.
Huinua macho, huona mtu mzima,
hunipa shikamoo.
Nami hukwama hapo.
Kumwitikia bibi marahaba, aibu.
Kumnyamazia mtoto, ujeuri.
Basi humpa kiazi.

Na marubani hulia ndani ya vioo vyao,
maana huko nyasini hukiona chombo chao kipya,
kile ambacho kiwandani bado ni mchoro,
kutu tupu, na mwanakondoo hulala kwenye usukani.

Safari moja lori lilizimika mlemle.
Nikaruka, nikatia jiwe.
Likawaka, likaondoka, nikalikimbilia,
na jiwe nikalisahau.
Mbilinyi alinisema hadi Matamba:
utingo bila jiwe ni abiria.

Sasa nina miaka sabini na moja.
Mbilinyi tulimzika kiangazi, ardhi ngumu, sururu tatu zilivunjika mpini.
Viazi hushushwa kwa hewa.
Juzi akaja binti, rubani, Lugano jina lake,
mzaliwa wa safarini, kati ya jua na jua;
kilima hajawahi kukiona, alishika ukuta kwa kizunguzungu.
Alikuwa na kitu amekifunga kwenye kitambaa.

"Tulikuwa tunaporomoka," akasema,
"mbali, ambako hata giza halijafika.
Kitu kikazuia mguu wa chombo. Tukasimama.
Watu mia nne walikuwa wamelala, hawakujua.
Nikashuka kuangalia."
Akafungua.
Jiwe. Upande mmoja bapa. Doa la oili chafu, la difu,
na alama ya nyundo niliyoipiga mwenyewe, nina miaka kumi na tisa.

"Nani huliweka?" akauliza.
Hakuna aliyemfundisha kuuliza hivyo.

Sikumjibu. Nililipokea kwa mikono miwili.
Lilikuwa la moto bado,
kama limetoka chini ya gurudumu sasa hivi.
Tukanywa chai. Akalala kwenye kiti.

Usiku ukungu ukapanda hadi dirishani,
ukaegemea kioo.
Halafu kule juu, baada ya kona ya mwisho,
honi ya Mbilinyi, mara mbili, fupi fupi:
ruka.

Magoti yangu mabovu
yakashuka kitandani kabla yangu.